Herufi K

Helve, nimeirudia hesabu. Ni usiku wa tatu.
Kipimajoto cha dirishani kinasoma hasi ishirini na mbili,
Emajõgi umeganda hadi chini ya daraja,
kuni zimebaki safu mbili na vipande.

Nilianza hivi, unakumbuka, meza hii hii,
ukimenya viazi upande wa pili wa karatasi zangu:
nyumba yenye joto ikiachwa, hupoa,
hupoa upesi kwanza, kisha polepole,
mpaka ilingane na baridi iliyo nje.
Nikasema, ndoa nayo ni hivyo.
Ukasema, basi menya na wewe.
Nikaandika.

Nikaandika mlinganyo mfupi, wa kupendeza macho:
upendo wa kesho ni upendo wa leo,
toa kinachovuja,
jumlisha kinachotiwa jikoni.
Kinachovuja nilikisaka miaka minne
kwa watu mia moja na sita wa Tartu, wake kwa waume,
wakibishana mbele ya kamera yangu
juu ya mama mkwe, juu ya mkopo wa gari,
juu ya nani aliyeacha mlango wa sauna wazi.
Nilihesabu macho yaliyozungushwa kwa dharau.
Nilihesabu kimya, kwa sekunde, kwa desimali mbili.
Na si kelele zilizovunja nyumba.
Wale wazee wa Karlova waliotukanana hadi kikombe kikapasuka
bado wanalala kitanda kimoja.
Ni wale wenye adabu. Wale wa "kama upendavyo."
Mstari wao kwenye grafu haukuanguka,
uliinama tu, kama mtu anayetafuta ufunguo chini,
ukainama, ukainama.

Haba na haba hujaza kibaba;
haba na haba hukimwaga. Hilo la pili
ndilo nililolithibitisha. Helsinki walinipigia makofi.
Wewe ulikuwa umenitilia soksi za sufu sandukuni.

Ulipokwenda Võru kwa dada yako Õie
uliacha makala yangu juu ya jiko lililopoa,
na ile penseli yako ya orodha za sokoni
ilikuwa imepita ukurasa wa saba.
Ulizungushia herufi moja tu. K.
K, nilikuwa nimeeleza chini kwa maandishi madogo,
ni juhudi ya mwenzi; tuichukulie haibadiliki.
Pembeni ukaandika:
*Nina miaka hamsini na minne. Bega la kushoto linaniuma tangu Oktoba.
Nani alikwambia sibadiliki?*

Hakuna profesa aliyeliona hilo,
wala wale wawili walioikagua kabla haijachapishwa.

Basi nimeiacha K ibadilike. Nimeiacha ichoke.
Nimeiacha iamke saa kumi na moja alfajiri,
ishuke kibandani na kurunzi, ibebe, ipande, irudi
(mizigo miwili kwa siku, miezi saba, miaka kumi na tisa:
jumla ninayo, sitaki kukuandikia).
Mlinganyo sasa haufunguki kwa kalamu.
Umekuwa mbaya, una mkia, una mabano ndani ya mabano,
na kila ninapoweka sifuri mahali pangu
jibu linafika pale pale, baridi ya nje.

Leo nimebeba mwenyewe. Vipande vinne vilinianguka ngazini,
Kalju akachungulia mlangoni kwake, akarudi ndani bila neno.
Moto ulikula njiti tisa za kiberiti kabla ya kukubali.
Sasa ni saa nne usiku. Chumba kimepanda digrii tatu
na hakitaki kupanda zaidi.
Nimepitisha mkono ukutani kote,
nikafika kwenye kidirisha cha upande wako wa kitanda:
upepo unaingilia hapa.

Ulinionyesha, mwaka ule wa kwanza.
Ulinishika kiganja ukakiweka penyewe.
Nikasema nitaupima.